Mwende, Wale Mia Sita Si Wateja

Mwende,

Umetoka hapa saa nane kwenda kusukwa kwa Mama Shiru, na kwa vile umetaka zile nyembamba za kufika mgongoni, najua hurudi kabla ya saa moja. Nimefunga mlango nikatoa kaunta buku yako ya zamani ya Fizikia, ile ambayo kurasa za nyuma hukuzigusa. Kesho asubuhi unapanda ndege kwenda Kigali. Miezi mitatu, umesema, wewe na vijana wengine wenye kampuni changa, na Alhamisi hii hii mnasimamishwa mbele ya wenye pesa, kila mtu dakika tano, aseme biashara yake ni gani na ana wateja wangapi.

Sikuandikii mambo ya sweta. Sikuandikii mambo ya wanaume wala ya kula mchana. Hayo shangazi yako amekupigia simu mara nne, na najua simu uliweka kwa meza ukaendelea na kazi yako. Nakuandikia kwa sababu ya hicho kidakika utakachosema una wateja wangapi. Siku tisa nimejaribu kukuambia kwa mdomo, na kila nikianza unanishika kiuno unanizungusha jikoni. Na nikifaulu kusema, utabishana, maana ulizaliwa na mdomo wa wakili. Karatasi haibishwi.

Wale watu mia sita walioingia kwa Mshono wiki iliyopita si wateja.

Usirarue bado. Najua Mshono ni nini, usifikiri mama yako alikuwa anaitikia tu. Mzazi anaagiza sare ya shule kwa simu, fundi wa hapa Kawangware anaishona, mzazi anaipata imepigwa pasi na vifungo vyote viko. Ni kitu kizuri. Nimeona mafundi wako wakikosa usingizi mwezi wa kufungua shule, nikajivunia mpaka nikaogopa. Ndiyo maana nakaa hapa nikiandika wakati ningekuwa nakukaangia chapati za safari.

Umekua ukijua kwamba nilikuwa na kampuni Kibera, inaitwa Gunia, na kwamba Dennis, yule kijana wa miwani wa mtaa wa Ayany, aliniibia. Miaka saba nimekuambia hivyo. Ukiwa na hasira na mtu unasema, "Huyu ni Dennis mwingine." Leo nataka nikuambie vile ilikuwa, na ukimaliza unaweza kunichukia kidogo, nitavumilia.

Dennis hakuniibia kitu.

Alikuwa akinunua sukuma kwa kibanda changu cha mboga pale Silanga, Kibera, ametoka chuo, hana kazi, kichwa kimejaa kompyuta. Siku moja akaniuliza, "Mama Mwende, kwa nini nyinyi wote mnaenda Marikiti saa tisa usiku, kila mtu na nauli yake, kuleta kabichi ile ile?" Nikamwambia anunue mboga aende. Lakini swali lilibaki. Baada ya miezi miwili tulikuwa na kampuni. Wauzaji wanaagiza jioni kwa simu, lori moja linaenda sokoni, asubuhi kila mama anapata gunia lake mlangoni kwa bei ya chini. Yeye aliandika hiyo programu ya simu, mimi nikaleta wanawake.

Na ilifanya kazi. Nataka ujue hilo, kwa sababu uchungu wangu unaanzia hapo. Kama ingekuwa upuzi tangu mwanzo nisingekuwa na kitu cha kulilia. Tulikuwa na wauzaji arobaini na wawili, na walikuwa wananitukana, Mwende! Mama Nekesa, rafiki yangu wa kibanda cha pili, yule aliyekuwa akikupa karoti ukitoka shule, alikuwa ananipigia alfajiri: "Mama Mwende, hii sukuma umeniletea ni ya watu ama ya ng'ombe?" Anakata simu kabla sijajibu. Jioni anaagiza tena. Mimi nilikuwa nachukia hizo simu. Sikujua kwamba hizo ndizo zilikuwa biashara.

Dennis akaipeleka Gunia kwa watu wa pesa. Wakatupa kidogo ya kuanzia, wakasema kubwa itakuja tukifikisha wauzaji elfu moja kwa miezi mitatu. Miezi mitatu! Hata kabichi huachwa shambani muda huo, na hiyo ni kabichi. Lakini tulisema ndiyo. Wakikutolea karatasi yenye jina lako, na wewe umezoea kuandikwa kwa kitabu cha landlord peke yake, unasema ndiyo.

Nilizunguka Kibera yote na viatu vikaisha. Nilipata wauzaji kumi na watatu. Wengine waliniambia wazi hawataki, wana dalali wao Marikiti anayewajua, anawapa mali kwa kuaminiana, kwa nini wamwache kwa ajili ya simu? Walikuwa na akili hao. Zikabaki wiki sita na tuko hamsini na watano. Ndipo nikafanya kitu ambacho mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nilienda kwa chama chetu cha akiba cha kila Jumatano, nikasimama, nikasema, "Akina mama, nimekwama."

Sasa wewe fikiria. Mtu akisimama mbele ya wanawake wa Silanga akasema amekwama, wanasikia nini? Wanasikia harambee. Harambee ndiyo ilimzika nyanya yako huko Mwingi, na jeneza la heshima. Harambee ndiyo iliyokupeleka form one na sanduku na godoro. Hakuna anayeuliza maswali, kila mtu anatoa alicho nacho, na asiye nacho anatoa kuku. Mimi nilikuwa nahitaji watu. Basi wakanichangia watu.

Waliandikisha waume zao, makondakta na walinzi ambao hawajawahi kuuza hata kitunguu. Waliandikisha mashemeji wa Webuye na wa Kitui. Walitoa laini za zamani zilizokuwa kwa kopo la majani ya chai. Mama Nekesa alimwandikisha marehemu mumewe, akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, "Wacha naye afanye kazi huko aliko." Kwa wiki tatu tukapita elfu.

Dennis akaniita Ayany, nje ya nyumba ya mama yake. Namkumbuka akifuta miwani na shati. "Mama Mwende, niambie ukweli. Hawa wote wanauza mboga?"

Nikamwambia, "Wote."

Hakuuliza tena. Alitaka kuamini na mimi nilitaka aamini, tukaachana hapo. Kama kuna mwizi wa Gunia, alizaliwa siku hiyo, na nusu yake ni mimi. Miaka saba nimempa yeye yote kwa sababu hakuwa hapa kujitetea.

Kisha wageni, wale wenye pesa, wakaja kuona. Mimi nilikuwa nimeazima suti ya kanisa ya bluu. Msichana wa kamera akanitazama, akaniomba kwa upole nivae ile aproni yangu ya kuuzia, ile ya madoa, ndiyo nionekane mimi mwenyewe. Nikavua suti nyuma ya kibanda nikavaa madoa. Hiyo picha ilikaa kwa ukuta wa ofisi yetu ya Ngong Road mpaka mwisho, kubwa kama mlango. Nikipita nilikuwa naangalia chini.

Na wanawake walifanya vile wageni hufanyiwa. Walikaanga mandazi, wakaimba, wakavaa leso zinazofanana. Kila mtu akatoa simu akaagiza, tring tring tring, kila mahali, wageni wanashangilia. Mzee mmoja mgeni akamuuliza Mama Nekesa kwa Kiingereza kama anaipenda hii programu. Dennis akatafsiri swali. Mama Nekesa akanionyesha na kidole, akasema, "Huyu ni wetu." Dennis akawaambia, "Anasema wanaipenda sana." Mzee akaandika.

Mama Nekesa alikuwa amesema ukweli wote uliokuwepo. Hawakuwa wanaipenda Gunia. Walikuwa wananipenda mimi. Na hao wageni na kamera zao hawakurudi hata mara moja siku ya kawaida, Jumanne ya matope bila mandazi, kuona nani anaagiza wakati hakuna anayemwangalia. Nina hasira nao mpaka leo. Mtu anakuja kununua ng'ombe, anaangalia kengele peke yake, halafu anashangaa hakuna maziwa.

Pesa kubwa ikaja. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulisifiwa hasa. Dennis akachukua ofisi, akaajiri vijana wa kompyuta, akakodi malori manne, kwa sababu ukiwa na wauzaji elfu unahitaji malori manne. Alihesabu sawasawa. Hesabu yake haikuwa na kosa lolote isipokuwa watu hawakuwepo.

Kitu ambacho kingepaswa kunishtua ni kimya. Wateja elfu na zaidi, na alfajiri simu yangu hailii. Hakuna anayeuliza kama sukuma ni ya ng'ombe. Nilidhani tumekuwa wazuri sana. Wueh! Kumbe mtu aliyekuchangia hawezi kukulalamikia. Ukishatoa kwa harambee, unaenda kuuliza zilinunua nini?

Malori yakaanza kuja yamejaa mali iliyonunuliwa kwa hesabu ya watu elfu. Wanunuzi walikuwa wale wale hamsini na watano. Kabichi zikalala kando ya bwawa la mtaa wetu, zikaoza, Silanga nzima ikanuka, na watu wakatania ati Mama Mwende anatengeneza pombe. Na wale wanawake, Mwende, wale wanawake waliona maji yamenifika shingoni, wakaanza kununua zaidi ya walichoweza kuuza. Kila mmoja gunia mbili, gunia tatu, ili lori langu lirudi tupu. Walinichangia mpaka na kabichi. Nilikuwa nawaona wakizipeleka kwa mbuzi jioni, na sikusema kitu. Nikajiambia funika kombe mwanaharamu apite, mwezi ujao tutapata wateja wa kweli, tutawaweka mahali pa wale wa bandia na hakuna atakayejua. Kila mtu mwenye kampuni changa ana huo mwezi ujao. Hata wewe unao, nimekusikia ukiutaja kwa simu.

Mwezi ujao haukufika. Wenye pesa waliona vitabu, wakafunga mfuko. Wanawake walipata ujumbe kwa simu Ijumaa moja kwamba Gunia imesitisha huduma. Sikuuandika mimi huo ujumbe, lakini pia sikwenda kibanda kwa kibanda kuwaambia kwa mdomo wangu. Niliogopa. Jumatatu walirudi Marikiti kwa madalali wao wa zamani, na madalali walikuwa wameshawapa watu wengine nafasi zao. Nani atakuwekea mali kwa kuaminiana, na wewe ulimkimbia kwa sababu ya simu? Wengi walijikokota wakaanza upya. Mama Nekesa alifunga kibanda.

Ndiyo tukahamia huku Kabiro, Kawangware. Wewe nilikuambia ni mafuriko ya bwawa. Mvua ilikuwa haijanyesha, na ulikuwa form two, nafikiri ulijua.

Siku hizi Dennis anaalikwa kuongea. Uliniletea video yake wewe mwenyewe, ukiwa na hasira, ukisema, "Mathe, cheki huyu mwizi wako anavyojigamba." Alikuwa anasimulia vile alifeli, na watu wanapiga makofi. Kwa watu wa aina yake, kufeli ni darasa, mtu anasimama jukwaani anafundisha nalo. Mimi nilipofeli nilihama mtaa. Sijaona mtu wa kunialika mahali niseme nilijifunza nini, na nikialikwa sijui ningevaa suti ama aproni. Hilo linaniuma, siwezi kukuficha. Usiende huko ukiamini wanaosema kuanguka ni sehemu ya safari. Uliza kwanza ni nani aliye chini ukianguka.

Mwaka jana nilienda Ayany kutafuta fundi wa cherehani kwa ajili ya Mshono wako, unakumbuka ulinituma. Nikakutana na Mama Nekesa, ndoo mkononi, mikono imekauka na sabuni. Anafulia watu nguo. Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yananigongana mdomoni, akaninyamazisha.

"Sisi hatukukasirikia hasara," akaniambia. "Hasara tunaijua. Tulikuchangia, Mama Mwende. Wewe ukatuhesabu."

Kisha akauliza, "Na Mwende anaendelea aje?" Nikamwambia una kampuni. Akafurahi, Mwende! Akaweka ndoo chini ili afurahi vizuri. Sikukuambia nilimwona. Nilirudi nikakuambia fundi hakuwepo.

Sasa Jumapili ile nyingine, siku tisa zilizopita. Wewe hukuja kanisani, ulikuwa na kikao chako cha simu. Wakati wa matangazo Mama Shiru, huyu huyu anayekusuka sasa hivi, akasimama na leso kiunoni. Akasema, "Mtoto wetu Mwende anaenda Kigali. Hao watu wanataka kuona ana wateja. Je, tutamwacha aende mikono mitupu? Toeni simu!" Kanisa zima likacheka, likatoa simu. Vijana wa kwaya wakapita viti kwa viti wakiwaonyesha wazee pa kubonyeza. Walituma kwa vikundi vyao, kwa ndugu zao, kwa kanisa la Kangemi. Mpaka Jumatano walikuwa mia sita.

Wewe ukaja mbio jikoni na simu. "Mathe! Mia sita, hata wiki haijaisha! Hii ndiyo traction wanataka!" Traction. Ati biashara inashika kasi. Dennis naye alilipenda hilo neno, alikuwa analisema kama mtu anaonja asali. Ulichukua kifuniko cha sufuria ukakipiga ngoma. Sijakuona na furaha hivyo tangu matokeo ya form four. Nami nikacheka. Nikapiga makofi. Tangu Jumapili ile, siku tisa, nimecheka na kupiga makofi.

Fungua kompyuta yako uwaangalie hao mia sita. Wangapi wameuliza shati litakuwa tayari lini? Nani amelalamika kola imebana? Halafu waangalie wale wazazi tisini wanaoshonewa na mafundi wako kumi na mmoja, wale wanaokutumia ujumbe wa matusi usiku, ati sketi ni fupi, ati rangi si ile, na muhula wa pili wakaagiza tena. Hao ndio unao. Alhamisi sema tisini. Najua tisini ni aibu mbele ya vijana watakaosema elfu tano. Pengine wenye pesa watakuangalia dakika yako ya kwanza kisha waangalie simu zao. Pengine utarudi huku bila kitu, na mimi ndiye nitakuwa nimekuangusha. Sikuahidi kwamba ukisema ukweli mlango utafunguka. Sijawahi kuona ukifunguka hivyo. Lakini ukisema mia saba watakupa pesa ya watu mia saba, na mafundi wako kumi na mmoja wataacha wateja wao wa mlangoni ili wakungojee wewe, na mimi najua mikono yao itakuwa wapi baada ya hapo.

Na Mama Shiru usimkemee. Hajakosa. Alikupa kile ambacho watu wetu hutoa, na ukirudi umshukuru mbele ya kanisa. Kosa si lake. Kuna mtu mmoja tu kwa hilo kanisa aliyejua huo mchango unaenda wapi, na angeweza kusimama aseme hapana.

Niko karibu kumaliza, nasikia watu wanatoka kazini huko nje. Barua nitaiweka kwa mkoba wa kompyuta, si kwa nguo, kwa sababu kompyuta utaifungua kabla ndege haijaondoka. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kunipigia simu unifokee, nifokee, nitashika hata kama niko na wateja.

Jambo moja limebaki, na nimelizunguka kurasa zote hizi.

Jumapili hiyo, kijana wa kwaya alipofika kwa kiti changu, watu wote walinigeukia. Mama mzazi! Nikatoa simu. Nilikuandikishia laini zangu zote mbili, na ile ya marehemu nyanya yako ambayo huwa naiwekea salio ili isifungwe. Ndivyo ilivyokuwa, Mwende. Nilijua, na nikabonyeza, kwa sababu nakupenda na watu walikuwa wananiangalia.

Kwa hiyo unapoanza kuwatoa, anza na mimi. Tafuta jina langu. Utaona nimeagiza shati jeupe na sketi ya kijani, sare ya gredi ya nne. Mimi sina mtoto wa gredi ya nne. Nina wewe peke yako. Nifute.

Mama